Mama mwenye nyumba kanizimia panga boi mbele ya mama mkwe, LUKU ya umeme tunachangia wote!!

mpangaji_sebule_moja

Wakuu habari za jioni. Naandika jasho linadondokea kwenye simu, nikikosea herufi mnisamehe.

Huyu mama mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kanga begani na daftari la michango kwapani, yule ukifungua friji yako mara mbili anakohoa huko uani. Leo saa tisa mchana kaingia sebuleni kwangu bila hodi, ndala miguuni, kakanyaga mkeka aliokalia mama mkwe wangu, kaenda moja kwa moja ukutani, kashika swichi ya panga boi na kuizungusha kutoka namba tano mpaka sifuri. Krrk, krrk, krrk. SIFURI. Halafu akamgeukia mama mkwe akasema, "Mama, upepo wa bure uko Coco Beach."

Mama mkwe katoka Lushoto. Lushoto jamani, kule ambako mtu anakunywa chai ya tangawizi na sweta mwezi wa saba. Kaja kumwona mjukuu, ana siku mbili tu Dar, mwezi wa pili huu, nyumba ya bati haina dari, tangu asubuhi hata mjusi wa ukutani kashuka kulala sakafuni. Mama wa watu hakusema neno. Akachukua mfuniko wa hotipoti akaanza kujipepea. Mfuniko wa hotipoti! Mimi mume wa binti yake nimekaa hapo hapo naangalia.

Sasa mniambie kosa langu. Tuko wapangaji watano, LUKU moja. Kila chumba kinatoa elfu kumi na tano kwa mwezi. Mimi nina taa tatu, tivii, kifriji kidogo na hilo panga boi. Yeye ana AC chumbani, ana friza mbili barazani za kuuza barafu na maji ya kandoro, yale ya vifuko, mpaka kwa watoto wa shule, ana pasi inawaka kila alfajiri kama ananyoosha nguo za kikosi kizima. Na hachangi hata mia, eti mita ni yake.

Nimepiga hesabu kabisa. Panga boi la wati 75 ukiliwasha masaa kumi halimalizi uniti moja, ni robo tatu ya uniti, yaani kama shilingi 270. Haifiki maandazi mawili! AC yake usiku mmoja inakula uniti saba mpaka nane. Usiku wake mmoja wa kujifunika blanketi ndani ya Dar es Salaam ni siku kumi za panga boi langu. Na huyo huyo ndo kaja kuzima langu.

Alafu kuna hili. Tarehe moja zamu ya kununua ilikuwa yangu, nimeweka elfu kumi, badala ya uniti 28 zikaja 23 na vipointi, nacheki risiti kumbe imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo la nani? Langu? Nimelipa kodi ya nyumba yake kisha kaingia kuzima upepo ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Krrk krrk krrk mpaka sifuri, mbele ya mama mkwe. Naisikia mpaka saivi.

kandambili_ya_bluu

Daah pole sana mkuu. Wa kwangu mimi alikuwa anakuja na tochi usiku anamulika kwenye pengo la mlango kuona kama simu inachajiwa. Namjua huyo mama, tumekaa nae wote kwa zamu.

shombo_la_feri

Mkuu ngoja kwanza. Namba TANO? Sebule yenyewe tunavyozijua futi kumi kwa kumi, ulikuwa unampepea mama mkwe au unataka kumrudisha Lushoto kwa njia ya anga 😂😂 Huyo mama kaokoa abiria.

mpangaji_sebule_moja

@shombo_la_feri Hii haichekeshi. Mama wa miaka sitini na nne anajipepea na mfuniko wa hotipoti wewe unacheka. Na namba tano ndo inayotoa upepo, namba moja mpaka tatu linazunguka tu kama linatafuta kitu lilichodondosha.

fundi_waya_mwekundu

Hapo kwenye kuzunguka kivivu nikusaidie, hiyo mara nyingi ni kapasita imechoka, unabadilisha kwa hela ndogo tu. Na kama swichi yako ni ile ya zamani kubwa inayopata moto ukiigusa, basi hata ukiweka namba moja haikuokolei kama unavyodhani, umeme unaobaki unageuka joto humo humo ndani ya swichi. Kwa hiyo mama mwenye nyumba akikwambia "weka namba moja tuokoe umeme" mwambie aende kwa fundi kwanza.

Kitu kinachowaua nyie sio panga boi. Ni hizo friza barazani. Friza imekaa juani, raba ya mlango imechanika, inafunguliwa kila dakika kumtolea mtoto barafu ya mia, hiyo mota haipumziki kutwa nzima. Nimeingia nyumba nyingi hapa mjini, ukiona LUKU inakimbia nenda kwenye friza na pasi na heater ya maji, feni iache.

mpangaji_sebule_moja

ASANTE FUNDI. Someni hapo. Friza, sio panga boi. Na raba imechanika kweli, kafunga na kamba ya manila!

bi_mkubwa_wa_upanga

Mimi ni mwenye nyumba na nitasema. Nyie wapangaji mnaongea kama malaika. Nilikuwa na kijana hapa chumba kimoja, kumbe ana jiko la umeme la koili chini ya kitanda, anapika maharage. MAHARAGE! Masaa matatu ya maharage kwa umeme wa mchango. Nilipomuuliza akanambia ni ya kuchemshia maji ya kuoga mtoto, na mtoto hana. Kabla hujamtukana mama wa watu jiulize kwanini kawa hivyo.

kandambili_ya_bluu

@bi_mkubwa_wa_upanga sasa maharage ya huyo kijana na panga boi la huyu yanahusiana nini mama angu. Si ufunge mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu aone namba zake mwenyewe, kelele ziishe.

bi_mkubwa_wa_upanga

Mita ndogo nani ananunua? Wewe?

kandambili_ya_bluu

Mwenye nyumba. Ndo maana anaitwa mwenye nyumba.

stima_za_kisauni

Wazee wa bongo mwalia na nini, huku Mombasa ndio usiseme. Sisi nyumba yetu ya Swahili, vyumba sita, mita moja, tokeni twachanganya. Sasa huku kuna madaraja, ukitumia kidogo, chini ya uniti 30 kwa mwezi, walipa bei ya chini. Lakini wapangaji sita mita moja, ile bei ya maskini utaiyona wapi? Twapanda pamoja mpaka daraja la juu kama matajiri, na ndani kila mmoja ana balbu na redio. Na kaskazi hii, jasho latoka hata ukikaa majini. Mimi usiku nalala barazani na mkeka, mbu wakipenda wale.

mpangaji_sebule_moja

@stima_za_kisauni pole ndugu, angalau kwenu hakuna aliyeingia na ndala mpaka kwenye mkeka.

stima_za_kisauni

Yuwaingia. Tena yuwaingia na mumewe.

mswahili_wa_muscat

Nyie mnaita joto hilo? Mimi niko Muscat, mwezi wa sita hapa nje ni digrii 45, ukishika kitasa cha gari kwa mkono mtupu unaacha ngozi. AC hapa haizimwi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, usiku na mchana, ukiizima nusu saa mafuta ya kula yanapata moto yenyewe kabatini. Bili ya kiangazi ikija nasoma nimekaa. Bibi yangu alikuja kutoka Unguja kunitembelea, siku ya kwanza akasema zima hiyo baridi inanipiga miguu, siku ya pili akahamia chini yake na mto wake.

sweta_la_makete

Afadhali nyie mna joto. Mimi niko Makete, mwezi wa sita na wa saba asubuhi majani yana barafu juu, maji ya bombani yanang'ata meno. Heater ya umeme nilijaribu mwezi mmoja tu, LUKU ilivyokuwa inashuka ni kama kuna tundu mahali. Nikairudisha kwenye boksi. Watu huku wanaota mkaa ndani, na hapa naomba niseme kwa nguvu maana tumezika jirani: JIKO LA MKAA MSILALE NALO NDANI MLANGO UMEFUNGWA. Ile hewa haina harufu, huamki. Toeni nje kabla ya kulala, mjifunike hata magunia.

fundi_waya_mwekundu

Huyu wa Makete asikilizwe. Hata pazia tu la dirisha likiziba hewa ni hatari.

kibarua_wa_leicester

Uingereza hapa mimi natumia mita ya kulipia kabla kama LUKU yenu, ya umeme na ya gesi. Tofauti yake hii ya huku kila siku inakata ada hata usipowasha kitu. Nilienda Dar mwezi mzima, nimerudi nimekuta mita inanidai, nyumba ilikuwa tupu! Januari tunakaa watu wanne chumba kimoja na mablanketi, hiyo sebule nyingine tunapita kwa kukimbia kama tunavuka barabara ya Morogoro.

shombo_la_feri

Sasa huyu analala na blanketi kwa baridi, mama mwenye nyumba wa Dar analala na blanketi kwa AC. Wakutanishwe.

mpangaji_sebule_moja

Wakuu naomba turudi kwenye mada. Kaingia bila hodi. Sebuleni kwangu. Nimelipa kodi ya miezi sita mbele. Kashika swichi ya panga boi nililonunua MIMI, nikamlipa fundi MIMI kulifunga, akalizungusha mpaka sifuri. Lile panga boi lilizunguka mizunguko kama mitatu ya mwisho polepole, wote tunaliangalia juu, mimi, mke wangu, mama mkwe, mtoto, kimya kabisa, mpaka likasimama. "Upepo wa bure uko Coco Beach." Kutoka Mbagala mpaka Coco, na bajaji nani analipa?

Mama mkwe amesema kesho anarudi kwao. Kasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi joto hili sitaliweza." Sio joto mama. Sio joto.

dada_wa_ushungi_mwekundu

Pole kaka. Hiyo ya mwisho imeniuma. Fanya hivi, mwite mjumbe wa shina, mkae nyote watano na huyo mama, mwandike kwenye karatasi nani ana nini, atoe na yeye mchango wa friza zake. Sisi Tabata tulifanya hivyo na mama akaanza kutoa elfu thelathini. Na dari wekeni hata ya turubai jamani, bati tupu linaunguza kichwa. Kama bati ni za msauzi zile nyeusi ndo kabisa, mwambie apake rangi nyeupe juu, sisi tulipaka na mchana kuna unafuu.

bi_mkubwa_wa_upanga

Rangi nani ananunua?

kandambili_ya_bluu

😂😂😂 mama huyu

konda_mstaafu

Mnazungumzia umeme tu, mimi wa kwangu shida ni maji. Bomba liko upande wake, kafunga kufuli, anafungua saa kumi na moja alfajiri dakika ishirini, ukichelewa unaoga mate. Na kuku wake wanalala mlangoni kwangu. Juzi nimekanyaga kinyesi naenda kazini na viatu vya kanisani.

dada_wa_ushungi_mwekundu

@konda_mstaafu kuku wa mwenye nyumba wana haki kuliko mpangaji. Wetu jogoo alikuwa anawika saa nane usiku chini ya dirisha langu na ukimfukuza unaitwa kikao.

konda_mstaafu

Saa nane! Wangu saa tisa. Na mmoja anatagia kwenye beseni langu la nguo, nikichukua yai naambiwa mwizi.

stima_za_kisauni

Yai lililo kwenye beseni lako ni lako hilo. Hata kadhi atakwambia.

sweta_la_makete

Sio lake, kuku ni wa mwenyewe. Lake ni beseni.

mpangaji_sebule_moja

Jamani panga boi.

shombo_la_feri

Mkuu tumekusikia, panga boi. Ila hili la yai halijaisha.

fundi_waya_mwekundu

Wakuu samahani natoka nje ya mada, kuna mteja wangu anauza friza, lita 200, raba mpya nimeiweka mwenyewe, haili umeme sana. Iko Mbagala Rangi Tatu. Mwenye shida anifuate inboksi.

bi_mkubwa_wa_upanga

Mlango wa juu au wa mbele?

fundi_waya_mwekundu

Wa juu mama.

bi_mkubwa_wa_upanga

Bei ya mwisho?