Mjadala: Hivi kweli dunia imerudi nyuma kwa sababu Concorde haipo? Mi naona tumepoteza zaidi kwenye Peugeot 504

Wakuu habari za wikiendi.

Tangu wale Wamarekani wa kampuni ya Boom warushe kindege chao cha majaribio kikavuka kasi ya sauti kule jangwa la Mojave, Januari 2025, kuna hoja naikuta kila kona: binadamu amerudi nyuma, eti miaka ya sabini mtu anapanda Concorde, ile ndege ya abiria ya Waingereza na Wafaransa iliyokuwa inapita kasi ya sauti, London anatua New York baada ya saa tatu na nusu, leo ni saa saba au nane, kwa hiyo ndege za hivyo zirudi hata ikibidi serikali zitoe hela. Jamaa yangu mmoja kaniambia jumamosi anayepinga hilo hapendi maendeleo. Mi napinga, na maendeleo nayapenda, ndo maana naomba tujadili.

Nikiri kwanza kwamba ile ndege naipenda tangu utoto. Baba mdogo alikuwa na kalenda yake ukutani, mwaka ukaisha kalenda ikabaki miaka na miaka kwa ajili ya picha tu. Pua inainama wakati wa kutua ili rubani aone uwanja, angani inakwenda mara mbili ya kasi ya sauti mpaka bodi linapata moto na kurefuka sentimita zaidi ya 15, halafu ikipoa inarudi urefu wake. Na iliruka mara ya kwanza Toulouse tarehe 2 Machi 1969 wakati wahandisi wengi bado wanapiga hesabu kwa rula ya kukokotolea! Juni 30, 1973 wanasayansi waliipanda kukimbizana na kupatwa kwa jua, aliyesimama chini aliona giza dakika saba hivi pale lilipokuwa refu kuliko kote, wao wakakaa ndani ya kivuli dakika 74. Kivuli hichohicho kiliendelea mpaka Ziwa Turkana kwa jirani zetu Kenya. Mtu asiyesisimka hapo sijui anasisimka na nini.

Lakini tuulizane ilikuwa inambeba nani. Abiria kama 100 tu, tanki la tani 95 za mafuta, yaani karibu tani nzima kwa kila kichwa. Zilitengenezwa 20, zilizofanya biashara ni 14, saba za Waingereza na saba za Wafaransa, mashirika mengine yaliyokuwa yameweka oda yakajitoa. Gharama ya kuibuni alilipa mlipakodi wa Uingereza na wa Ufaransa ambaye wengi wao hawakuwahi kukanyaga ngazi zake. Huku Afrika aliyeifaidi ni Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), alikuwa anaikodi na kule kwao Gbadolite katikati ya msitu akajenga uwanja wenye njia ndefu ya kuipokea, wakati barabara za Kongo zinaliwa na nyasi. Hiyo picha mi huwa siwezi kuitoa kichwani kila nikisikia mtu anailia Concorde.

Halafu mshindo. Ikivuka kasi ya sauti inaacha mshindo chini njia nzima. Marekani wakapiga marufuku ndege za abiria kupita hivyo juu ya nchi yao mwaka 1973. Mwaka huohuo ile safari ya kupatwa kwa jua ilipita juu ya Mauritania, Mali na Niger hadi Chad kwa mwendo wa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, watu na mifugo wako chini. Juni 2025 rais wa Marekani kasaini amri marufuku ile iondolewe, kwa hiyo hili ni suala la leo kabisa, na nauliza sisi tutasemaje siku wakitaka kupita juu ya Serengeti.

Sasa njooni kwenye Mfaransa ninayemlilia mimi. Huyo baba mdogo mwenye kalenda alikuwa dereva wa Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, Arusha–Namanga. Gia kwenye usukani, springi laini unapita kwenye makorongo kama umekaa kwenye godoro. Ikiharibika njiani anafungua boneti, anapuliza kabureta kwa mdomo, anakaza alichokaza, safari inaendelea. Mafundi wake hawakusoma Ufaransa, walijifunza kwa kufungua na kufunga. Leo nina gari la kisasa, taa ya injini ikiwaka fundi wa mtaani hawezi kitu mpaka apate kompyuta, na kompyuta ikisema sensa, sensa inaagizwa, gari linalala wiki tatu.

Na siyo bahati kwamba Peugeot zilituweza. Safari Rally ya 1963 na ya 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mwaka, matope yaliyameza mengine yote, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, iliyoitangulia 504. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, 404 tena. Ufaransa hiyohiyo ndo iliunda kagari ka bei nafuu Citroën 2CV, waliobuni walipewa sharti kwamba mkulima aweze kuvuka shamba lililolimwa na kikapu cha mayai yasivunjike. Sharti kama hilo nani analitoa siku hizi?

Najua mtasema 504 zilijaza watu kupita kiasi, mikanda hamna, kutu, moshi, na ajali zilikuwepo. Kweli kabisa, tulizika watu. Mtasema pia Hiace za mtumba toka Japani ndo zilizoziondoa na zilifanya kazi kuliko hizo. Sawa, sina ugomvi na Hiace, kwa sababu nayo fundi wa chini ya mwembe anaiweza. Na wa Concorde mtaniambia ilikuwa salama miaka mingi mpaka Julai 2000 ilipoanguka pale Gonesse karibu na Paris, watu 113 wakafa, wapumzike kwa amani. Sibishi, sikuileta hapa kwa ajili ya ajali.

Ninachobisha ni kuita maendeleo kitu kinachompunguzia mtu mmoja saa nne huku mwingine anasubiri miadi ya viza miezi miwili ndo aanze kufikiria tiketi. Hizo hela na hao wahandisi wangewekwa kwenye gari la bei ya kawaida linalofunguka kwa spana namba 13 na kudumu miaka 30, nani angepungukiwa?

Kwa hiyo mnaotaka Concorde irudi kwa hela za umma nijibuni hili tu: hizo saa nne zinaokolewa za nani, na umma unaolipa unapata nini?