Sakafu ya banda la gari, Mtwara mjini: epoksi ya kujipakia, niru, vigae au rangi ya kawaida?

Mzee wa Shangani
Habari za jioni, wakuu. Nina banda la gari, mita tatu na nusu kwa sita. Jamvi ni la zege, lilimwagwa zamani, fundi akamalizia kwa niru, ule uso laini wa saruji. Sasa niru inatoa vumbi, ukifagia asubuhi jioni unazoa unga tena. Kona moja imelowa oili kwa sababu kijana wangu anafungulia pikipiki humo. Bahari haiko mbali. Nina njia nne mbele yangu: kupiga niru upya, kuweka vigae, kupaka rangi ya sakafu, au kununua epoksi, ile rangi ya makopo mawili yanayochanganywa ikaganda ngumu, nikajipakia mwenyewe. Nataka kusikia waliofanya huku kwetu Kusini, si Dodoma.

Fundi Rangi Ligula
Shikamoo mzee. Swali langu la kwanza: chini ya jamvi kuna nailoni? Nyumba nyingi za zamani hapa mjini hazina. Kama haipo, pima unyevu kabla hujatoa hata senti. Kata nailoni nzito ya mraba, sentimita 45 kila upande, ibandike sakafuni kwa solotepu pana pande zote nne. Isipungue saa 16. Ukifunua ukakuta matone, au zege limekuwa jeusi kuliko lilivyo pembeni, basi maji yanapanda kutoka ardhini. Epoksi haipitishi mvuke. Utaipaka leo, itang'aa, mvua ikianza itavimba malengelenge na kubanduka vipande vipande.

Na usipime Septemba ukashangilia. Mvua yetu ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na sakafu iliyokauka kiangazi inaweza kutota Februari.

Kaka wa Newala
Mimi ninayo epoksi na sijuti, ila niko juu ya uwanda wa Makonde. Huku maji ndiyo yalikuwa shida, wazee walikuwa wanashuka mabondeni kuyafuata, kwa hiyo unyevu wa kupanda si hoja. Nachoweza kumwambia mzee ni kwamba epoksi si moja. Kuna ile ya maji, nyepesi, inayouzwa kama seti ya kujipakia. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kopo hupotea hewani, kinachobaki sakafuni ni ngozi nyembamba tu. Na kuna ile nzito isiyo na maji wala tina ya kuilainisha, ambayo unachomwaga ndicho kinachobaki. Hesabu yake ni rahisi: lita moja ikitandazwa kwa unene wa robo milimita inafunika mita 4 za mraba. Banda lako ni mita 21, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni lita kumi na nusu, ongeza kidogo ya kubaki kwenye rola na ndoo. Muuzaji akikwambia lita nne zinakutosha, ujue anakuuzia rangi.

Lindi Kusini Kwetu
Mnamtisha mzee bure. Rangi ya sakafu ya kawaida, kopo mbili, Jumamosi moja, kazi kwisha. Ikichakaa unarudia.

Fundi Rangi Ligula
@Lindi Kusini Kwetu, kwa baraza sawa. Kwa gari hapana. Tairi likitoka barabarani ni la moto, likisimama linalainisha rangi nyembamba, likipoa linajikunja na kuondoka nayo. Baada ya muda una alama nne za tairi zilizochubuka hadi kwenye zege. Hata epoksi ya maji isiyoiva vizuri inafanywa hivyohivyo. Ndiyo maana gari lisiingie kabla ya siku saba, hata kama kwa miguu unatembea baada ya saa 24.

Mama wa Mikindani
Mimi nasema vigae au niru, epoksi muiache. Nyumba zetu za zamani hapa Mikindani ni mawe ya matumbawe na chokaa, unyevu unaingia na kutoka, ukuta unapumua. Siku hizi tunaziba kila kitu, halafu tunashangaa chumvi nyeupe inachanua. Kwenye banda langu kuna vigae na gari linaingia kila siku.

Fundi Rangi Ligula
Mama, vigae vyako nadhani ni porselini na fundi alijaza saruji chini yote. Wengi wanaweka mabonge matano chini ya kigae, katikati patupu. Siku ukipiga jeki kubadilisha tairi, uzito wote unakaa kwenye duara dogo, kigae kinapasuka. Na vile vinavyong'aa vikilowa vinaangusha mtu.

Boda Masasi
Hiyo oili ndiyo naijua mimi. Epoksi haishiki juu ya oili, na kufuta juujuu hakusaidii kwa sababu zege limeshainywa. Mwaga sabuni ya unga na maji ya moto, sugua kwa brashi ngumu, suuza, rudia. Kisha dondosha matone ya maji: yakinywewa na zege, sawa. Yakikaa juu kama vishanga, bado kuna mafuta.

Lindi Kusini Kwetu
Si amwage asidi tu? Inasafisha na inakwaruza kwa pamoja.

Kaka wa Newala
Asidi ya chumvi inatumika kweli, kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu au vinne, na asidi ndiyo inamwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Lakini haiondoi oili, ioshe oili kwanza. Mvuke wake unakula chuma: toa gari, toa baiskeli, fungua milango. Baadaye uimwagie magadi kuipoza na usuuze sana. Asidi ya betri usiiguse kwa kazi hii. Mimi nilikodi grainda, mashine ya kukwangua, yenye kikombe cha almasi. Vumbi lake ni la hatari, barakoa ya kweli si kitambaa, ila sakafu inabaki kavu. Kwa mtu wa pwani, kumwagia maji sakafu ambayo unaihofia unyevu naona ni kujipa kazi mara mbili.

Fundi Rangi Ligula
Hapo nakuunga mkono. Na mzee, kabla ya grainda, chukua nyundo uigonge niru polepole sakafu nzima. Panapolia patupu, niru imeshaachana na jamvi. Hili ndilo watu hawalitazami. Epoksi inashika niru vizuri mno, kisha inavuta na kuing'oa na wewe unalaumu epoksi. Niru iliyolegea yote itoke mpaka uone kokoto.

Dada Chuno
Samahani kuingilia. Kwa joto letu hili mnachanganyaje bila kugandia ndooni? Jirani yangu ndoo yake ilitoa moshi.

Fundi Rangi Ligula
Dada, hiyo ni kawaida ikikaa nyingi kwenye chombo kimoja. Epoksi na hadina yake, lile kopo la pili linaloigandisha, vikikutana vinatoa joto, joto linaharakisha kuganda, kuganda kunatoa joto zaidi. Nyingi zina kama nusu saa ya kufanyia kazi kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zikiongezeka muda unakatika karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, mimina yote sakafuni mara moja, itandaze kwa rola. Imwagike sakafuni, isisubiri ndooni. Kipimo cha hadina ni kile kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza hadina ili ikauke haraka ni mazoea ya baadhi ya wapaka rangi za magari, kwenye epoksi unapata sakafu inayonata daima.

Saa nzuri ni alasiri, zege likianza kupoa. Ukipaka asubuhi jua likipanda, hewa iliyo ndani ya zege inatanuka na kutoa mapovu. Lakini usivuke hadi usiku wa umande: sakafu iwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kudondosha umande. Unyevu ukiikuta mbichi inatoa utando mweupe unaoteleza kama mafuta, na huo usipoosha kwa maji ya sabuni mkono wa pili haushiki. Glavu ni lazima, hadina ikishamletea mtu upele, mara nyingi anabaki nao maisha.

Kaka wa Newala
Jambo moja la kufurahisha watu wa korosho: kuna hadina zinazotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho. Zinavumilia unyevu na baridi kuliko nyingine, zinatumika hata kwenye rangi za meli. Rangi yake inaelekea kahawia. Sisi ganda tunalipakia melini pamoja na korosho ghafi kwenda India na Vietnam.

Mzee wa Shangani
Ahsanteni sana. Nimebandika nailoni mbili. Ya upande wa mlango imetoka kavu. Ya upande wa ukuta wa nje imetota, na niru ya hapo inalia patupu karibu mita mbili. Nje ya ukuta huo bati linamwaga maji moja kwa moja chini.

Fundi Rangi Ligula
Basi epoksi isubiri, mzee, hata ile ya ganda la korosho, maana kuvumilia unyevu wakati wa kupaka si kuzuia maji yanayosukuma kutoka chini. Weka mfereji kwenye bati, peleka maji mbali na msingi, upime tena mvua zikiwa zimekolea. Kwa sasa bomoa niru yote, chokoa jamvi, mwaga saruji ya uji, juu yake sakafu mpya ya moja kwa tatu, saruji kwa mchanga, sentimita nne, na uimwagie maji siku saba. Vumbi lako lilitokana na kukauka haraka. Ikipimwa kavu, sakafu hiyohiyo ndiyo utakayoipaka epoksi baadaye.

Mama wa Mikindani
Sasa mmefika nilipokuwa. Mzee, mchanga uwe wa mto. Ukiletewa lori, weka punje ulimini kabla dereva hajamwaga. Ukiwa na chumvi, arudi nao.