Watoto wa wachungaji njooni hapa: kina McDougall walikuwa na wito au walirithishana tu?

Toroka_Uje: Wakuu kwema? Mzee wangu mchungaji, mi nimesoma shule za msingi nne sababu ya uhamisho wake, sasa kila nikienda home Mbagala naulizwa chuo cha biblia lini. Juzi nimekwama foleni Kilwa Road nikawa nasoma habari za John McDougall, Mmethodisti wa Kanada, kazaliwa 1842, baba yake George mchungaji, baba mkwe Henry Steinhauer naye mmisionari, tena mwenyeji kabisa, Muojibwe. Wakaenda huko ambako leo ni Alberta, barabara hakuna, baridi ikikaza usafiri ni mbwa wanavuta. 1870 ndui ikaingia kituoni kwao Victoria ikachukua dada zake, mwaka uliofuata mkewe Abigail naye akaenda kamwachia mabinti watatu. Jamaa 1872 kawekewa mikono, 1873 kaanzisha kituo kingine Morley. Sasa huo ni wito au ni kushindwa kumwambia baba hapana??

Mzaramo_Asili: Umeruka kisa cha jiwe bana. 1866 huyo mzee George alibeba kimondo, kilo 145 hivi, Wakrii na Wablackfoot, makabila ya wenyeji wa huko, walikuwa wanaliheshimu balaa, akalipeleka kituoni kwake. Wazee wakasema haya, subirini vita, maradhi na nyati kuisha. Vyote vikaja. Sisemi laana, ndui haiulizi dini na nyati walimalizwa na bunduki, ila ungekuwa wewe ungelala? Sisi cha Mbozi kipo palepale, kila mtu anakifuata kulekule.

Binti_Kimara: Mi shida yangu na hao siyo wito, ni ukaribu na serikali. 1875 serikali ilimtuma George akawaandae Wakrii kuwa mkataba unakuja, 1877 kwenye Mkataba Na. 7, wa serikali na makabila ya huko kuhusu ardhi, John yupo, anawatafsiria Wastoney, kabila jingine la huko, na wazee wao wanasema hawakuelewa kama wanatoa ardhi. Ni yaleyale ya Karl Peters na karatasi zake Usagara 1884, machifu wanaweka alama kwenye kitu wasichokisoma

Toroka_Uje: Duh hiyo sikufika. Na mzee George aliishiaje?

Binti_Kimara: Januari 1876, walienda kuwinda nyati karibu na Calgary, usiku akatangulia kambini peke yake, theluji ikampoteza. Walimkuta siku kumi na kitu baadaye, keshaganda. John yeye aliendelea tu, kafa 1917.

Toroka_Uje: Sawa ila swali langu bado liko palepale 😂

mtoto_wa_pasta2: Kaka mi nilimwambia mzee kwa simu, usoni niliogopa. Nimejipanga wiki nzima, maandiko ninayo, hoja ninazo, nikamwambia baba mimi uchungaji hapana. Akakaa kimyaaa, nikajua salio limekata. Halafu akauliza nauli ya kuja Krismasi unayo?