Tupeane uzoefu: kunguni wa Bagrada kwenye kabichi na sukuma, Tanga

Mkulima wa Muheza: Wakuu, miche inapata madoa meupe kama nyota, kisha jani linakauka kama limebabuliwa na moto. Wengi wananunua dawa ya ukungu, pesa inapotea bure. Ni kunguni wa Bagrada: mweusi mwenye madoa ya chungwa na meupe, milimita 5 hadi 7, mara nyingi utawakuta wawili wameungana kinyumenyume. Mwenye njia aiweke hapa, na vipimo vyake.

Korogwe Mboga: Muda wa kukagua ndio unaoponza watu. Asubuhi wamejificha kwenye nyufa za udongo, unaliona shamba safi. Pita saa sita hadi saa tisa mchana. Chungulia moyo wa mche: wakiufyonza, kabichi haifungi, au inatoa vichwa vidogo vitatu vinne visivyouzika. Hapo hakuna dawa tena. Ulinzi ni wiki za mwanzo.

Bustani Lushoto: Kunguni wengi hubandika mayai chini ya jani. Huyu anayataga zaidi kwenye udongo, kwa hiyo kupalilia juujuu kunayaharibu. Na tahadhari kwa anayefunika miche kwa wavu wa kuzuia wadudu: ukiufunika juu ya tuta lililotoka kabichi, mayai yanaangulia humo humo, umewafungia na chakula chao. Hamisha tuta. Pinda fito wavu usiguse jani, maana wanafyonza kupitia matundu, kisha fukia kingo zote.

Pangani Kijani: Mwarobaini: kokwa kavu zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita 1, yaani gramu 750 kwa pampu ya lita 15. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ishike jani. Piga jioni, jua linaiua nguvu. Inamkatisha hamu ya kula, haimwangushi papo hapo. Shamba likishajaa usiitegemee peke yake.

Korogwe Mboga: Tusimdharau. Asili yake Afrika na Asia, lakini mwaka 2008 alionekana Los Angeles, Marekani, akaenea kwenye brokoli za California na Arizona. 2016 akafika Chile.

Bustani Lushoto: Kwetu anavuka msimu kwenye visiki vya kabichi na mgagani wa kingoni. Ving'oe kabla hujapandikiza. Ukisubiri miche iwe shambani ndipo ung'oe, wote wanahamia kwenye miche siku hiyo hiyo.