MJADALA: Programu ya terminali tumeilipia wenyewe, sasa imetugomea. Tukikreki, yaani tukivunja kufuli lake la leseni, ni wizi au ni haki yetu?

Stoo ya Igogo (mleta mada)
Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa habari za jioni. Niko kwenye stoo ya jumla ya vifaa vya ujenzi hapa Igogo. Mfumo wetu wa mzigo uko kwenye seva ya Unix makao makuu Dar, ule wa kizamani skrini nyeusi maandishi ya kijani, na kompyuta za huku zinaingia kwa programu ya terminali ya kulipia, jina siweki nisije nikaitwa. Tulilipia 2019 leseni 10 za kutumia kwa pamoja, yaani 10 ndani kwa wakati mmoja, tukaambiwa ni za kudumu. Sasa tangu umeme ulipokatika ule wa siku nzima, ikifika saa 3 asubuhi mashine ya 7 au ya 8 inaambiwa leseni zimejaa. Ya saba! Na ile ya mezani kwa bosi yenyewe inasema leseni BADO HAIJAANZA kutumika, wakati tumeitumia miaka. Nimempigia wakala aliyetuuzia, kaniambia mkataba wa matengenezo uliisha kwahiyo tununue upya, tena kwa dola. Bosi kasema acha ujinga, kuna kijana hapa mjini anakreki kwa elfu 30. Naomba tujadili kiutu uzima, mtu aliyelipa tayari akikreki ni mwizi?

Mzee wa Capri
Ni mwizi. Hamna mwizi wa nusu. Sheria ya hakimiliki ya 2001 kama sikosei inasema programu ya kompyuta ni kazi ya mtu kama kilivyo kitabu. Watu wa huku tumezoea njia ya mkato, ndo yaleyale ya wale wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanavua na kokoro, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, anajua kabisa anamaliza ziwa ila ukimuuliza anakwambia leseni ghali.

Ng'wana Magu
Elfu 30 kwa mashine au kwa ofisi nzima? Naulizia rafiki yangu

Fundi Buzuruga
Mleta mada usikreki kitu, tatizo lako sio leseni. Una matatizo mawili tofauti yamekuja siku moja. Mashine ya bosi nenda kaangalie tarehe, nakuhakikishia iko nyuma ya 2019. Betri ya saa kwenye madabodi imekufa, umeme ulivyokatika ikasahau mwaka, na kama haina intaneti ya kujirekebishia saa basi leseni inaona iko zamani kabla haijanunuliwa, ndo maana inasema haijaanza. Haikudanganyi. La pili, leseni za kutumia kwa pamoja zinahesabiwa na kile kiseva cha leseni, umeme ulipokata mashine zilikuwa zimeshika nafasi na hakuna aliyezirudisha, kiseva bado kinaamini kuna watu ndani. Zima uwashe ile huduma ya leseni uone. Halafu angalia kama wanaofunga kwa ule msalaba wa kona bila kutoka kwenye mfumo, au mtu mmoja anafungua madirisha matatu, kuna programu zinahesabu kwa mashine na kuna zinahesabu kwa dirisha.

Mtoto wa Mwaloni
Mzee wa Capri rudia hapo kwenye kokoro. Mimi nimesomeshwa na hilo ziwa ada yote mpaka chuo. Baba yangu nyavu zake zilichomwa kwenye ile operesheni ya uvuvi haramu ya 2018 tukabaki na mtumbwi tunauangalia kama pambo na nyavu zilikuwa za dagaa sio kokoro, ila siku ile hakuna aliyeuliza. Leo umekaa Capri Point upepo unakupuliza unatufananisha na wezi wa programu? Wewe samaki unayekula unajua ametoka na nini majini?

Mzee wa Capri
Sijamtaja baba yako. Nimesema kokoro. Kama hakuvua na kokoro kwanini limekuuma

Mtoto wa Mwaloni
Limeniuma kwa sababu umesema "wale wa mwaloni". Mwaloni kuna mama lishe kuna wapara samaki kuna makuli kuna wenye mitumbwi na leseni zao mfukoni. Ungesema wavua kokoro nisingefungua mdomo.

Dada Pasiansi
Jamani. Mzee, sheria ni Namba 7 ya 1999, 2001 sijui umeitoa wapi. Na ni kweli programu za kompyuta zimo. Ila kuna kitu mnakiruka na mimi kama mhasibu kinanikera kuliko kokoro, huyo wakala. Leseni ya kudumu na mkataba wa matengenezo ni vitu viwili. Matengenezo yakiisha unakosa toleo jipya na unakosa mtu wa kumpigia simu, basi, haki ya kutumia toleo ulilonunua inabaki palepale kama mkataba wenu umeandikwa leseni ya kudumu. Mleta mada umeusoma huo mkataba au una risiti tu?

Stoo ya Igogo
Dada mkataba upo kwa bosi kwenye faili la bima ya gari sijui uliendaje huko. Kesho nautafuta.

Nshomile Kashai
Mnahangaika na dola za nini? PuTTY, programu ya terminali kama hiyo yenu, ipo tangu 1999, kaiandika Muingereza Simon Tatham, bure, leseni yake ni ya MIT, aya tatu tu, fungua pale kwenye About uisome unaimaliza kabla chai haijapoa. Inakuruhusu utumie ofisini, uigawe, hata uiuze, sharti ubakize tu maandishi ya hakimiliki. Hamna kiseva cha kuhesabu watu wala kukuuliza mwaka. Windows 10 yenyewe tangu 2018 imekuja na SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva, ndani yake. Tatizo la Mwanza mnanunua kitu kwa sababu kina boksi.

Ng'wana Magu
Nilijua tu, Nshomile hawezi kutaja programu bila kutaja na aliyeiandika na mwaka aliozaliwa

Nshomile Kashai
Mwaka aliozaliwa sijautaja. Soma.

Ng'wana Magu
😂😂 ona sasa

Fundi Buzuruga
Nshomile uko sawa nusu. PuTTY inaongea lugha ya VT na jamaa zake, zile terminali za kampuni ya DEC, VT100 ilitoka 1978. Kama huko Dar seva ni Unix kama anavyosema itafaa. Ila kuna ofisi zinatumia mashine za IBM zinazotaka terminali za aina yake, 5250 au 3270, huko PuTTY itakuonyesha takataka tu. Kwa hizo ziko za bure pia, tn5250 na x3270, lakini uwe makini, upande wa IBM unaweza kuipakua programu yao bila kulipa, ukitumia 5250 leseni yake inadaiwa kule kwenye seva. Watu wengi wanadhani kilichopakuliwa bure ni bure. Kwahiyo kabla ya kubishana wizi au sio wizi mtu ajue kwanza leseni anayodaiwa imekaa wapi, kwenye mashine yake, kwa jina lake, kwenye kiseva, au kwa mwenye seva.

Mzee wa Capri
Mtoto wa mwaloni nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni halali? Jibu ndio au hapana.

Mtoto wa Mwaloni
Hapana, na kokoro hapana, na sangara chini ya sentimita 50 hapana. Nimekujibu. Na wewe nijibu, hiyo kompyuta unayoandikia Windows yake uliinunua? Ndio au hapana.

Mzee wa Capri
Ilikuja nayo.

Mtoto wa Mwaloni
Ilikuja nayo kutoka wapi, dukani kwa nani? Aliyekuwekea alikupa karatasi yoyote? 😂 Mzee tunavua wote, wewe una kokoro la kwenye kibegi.

Ng'wana Magu
Uwiii "kokoro la kwenye kibegi" nimemwaga chai

Mzee wa Capri
Matusi sio hoja. Dogo una miaka mingapi

Dada Pasiansi
Hajatukana mzee, kauliza, na umekwepa. Ila Mtoto wa Mwaloni na wewe hujajibu mada, kukreki ulicholipia ni sawa?

Mtoto wa Mwaloni
Najibu. Leseni ya uvuvi inanilazimisha mimi nisiharibu ziwa la wote, naielewa hata ikiniuma. Leseni ya hii programu inamlinda nani? Nimelipa, yuko kule, mimi niko Igogo gizani, programu inanihesabia kidole. Kwangu mimi aliyelipa 10 akakreki akabaki na mashine 10 hajaiba. Akiweka 14 kaiba 4. Hesabu ya darasa la pili.

Mzee wa Capri
Hayo ndo maneno ya mtu wa kokoro.

Fundi Buzuruga
Tuacheni kokoro dakika mbili. Mtoto wa Mwaloni mimi hesabu yako naielewa kabisa na kiroho safi nasema inanivutia, ila mkataba wenyewe kwa kawaida unakataza kuvunja kufuli la programu hata kama umelipa, halafu kuna hatari ambayo hakuna aliyeitaja. Hizo kreki nani anazitengeneza? 2015 ilionekana PuTTY feki imetegeshewa kuiba neno la siri la seva, na PuTTY ni ya BURE, mtu alihangaika kuifoji kitu cha bure kwa sababu anajua wanaoitumia ndo wenye funguo za seva. Sasa wewe unamwachia kijana wa elfu 30 aweke kitu kwenye mashine inayoingia stoo ya kampuni nzima mpaka Dar. Kesho saruji inatoka getini na hujui ilitoka na nani. Hata PuTTY ipakue kwa mwenyewe, anwani yake ina neno chiark, ile putty.org sio yake.

Ng'wana Magu
Saruji inatoka getini 😂 hapo Fundi umenipata, rafiki yangu kaghairi

Nshomile Kashai
Nilichosema mimi mwanzo.

Fundi Buzuruga
Hukusema hivyo.

Stoo ya Igogo
Wakuu nimerudi, samahani jana mtandao ulinikataa. Mashine ya bosi ilikuwa mwaka 2016!! Nimeweka betri mpya nikaweka tarehe sawa imefunguka bila neno. Kiseva cha leseni nimekizima nikawasha asubuhi hii, mpaka saa 5 tuko 9 ndani hakuna aliyegomewa. Na ni kweli dada wa mauzo alikuwa anafungua madirisha matatu, moja la bei, moja la mzigo, moja sijui la nini, nimemwambia kanuna. Mkataba nimeuona, imeandikwa leseni ya kudumu, matengenezo ni karatasi nyingine. Wakala nimemtumia picha tangu saa 4, ameshaona, hajajibu.
Ila PuTTY nimeijaribu kwenye mashine moja. Inaingia vizuri, shida F3 inatoa herufi za ajabu na risiti haichapi.

Fundi Buzuruga
Swafi. Nenda sehemu ya Keyboard huko kwenye PuTTY, vitufe vya F vina aina zake, jaribu SCO kama mfumo ni wa zamani sana, ikikataa jaribu VT400 au hiyo ya Linux. Kuchapa nenda sehemu ya Terminal chagua printa, seva ikituma risiti itapitia hapo. Ukimaliza hifadhi hiyo sesheni kwa jina usije ukaanza upya kila siku.

Dada Pasiansi
Na huyo wakala ukimpata mwambie aandike kwa barua kwamba leseni ya kudumu imeisha. Hataandika.

Mzee wa Capri
Kwahiyo mwisho wa siku hakukreki. Nilisema.

Mtoto wa Mwaloni
Ulisema nini? Ulisema kokoro kuanzia juu mpaka chini. Aliyemsaidia ni Fundi. Na ile Windows bado hujajibu.

Mzee wa Capri
Nimesema ilikuja nayo.

Ng'wana Magu
Mleta mada hiyo betri umeuziwa shingapi? Saa ya mashine yangu nayo inaniambia tuko enzi za kivuko cha Kigongo kabla ya daraja

Stoo ya Igogo
Buku mbili pale mtaa wa Rufiji. Walianza na tano.