Miche ya sukuma wiki inaanguka kitaluni (bustani ya shule, Dodoma)

Mama Mboga: Wakuu, tunawasaidia watoto wa darasa la nne na bustani yao. Sukuma ikifika majani mawili inanywea shinani, inalala. Maji wanamwagilia asubuhi na jioni. Shida nini?

Shamba Darasa: Hicho ni kinyausi, ukungu wa udongoni. Maji yamezidi na mbegu zimebanana. Watoto humwaga kiganja kizima! Wachorewe mistari kwa kijiti, kina sentimita 1, mstari hadi mstari 15. Maji asubuhi tu. Kitalu kipya kihamie mahali pengine.

Ila kama shina limekatwa kama kwa wembe, huyo ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukueni kando ya mche asubuhi, mtamkuta amejikunja. Kazi hiyo watoto wanaipenda kuliko palizi.

Bwana Shamba: Samadi iwe imeoza kabisa, mbichi inaunguza mizizi. Hamisheni miche ikiwa na wiki 4 hadi 6, jioni, nafasi sentimita 60 kwa 45. Kwa ukame wa Dodoma, matuta yashuke chini ya usawa wa ardhi, yasiinuliwe.

Mama Mboga: Asanteni. Na likizo?

Shamba Darasa: Zamu za wazazi zipangwe kabla shule haijafungwa. La sivyo pandeni mchicha, wiki 4 mnavuna.