Jordan Pass: ninunue au nilipe mlangoni?

mchanga_mwekundu
Wakuu, habari za majukumu. Tunapanga kwenda Yordani: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 10. Tutalala usiku 4, tukipitia Amman, Jerash (magofu ya Kirumi), Petra (mji wa kale wa miambani) na Wadi Rum (jangwani), halafu turudi Amman kupanda ndege. Viza tunaruhusiwa kuchukua uwanjani tukifika. Nimeona kuna Jordan Pass, pasi ya watalii ya viingilio vya vivutio, ya dinari 70, 75 na 80. Pasi nyingi za miji ya watalii ukizipigia hesabu vizuri unakuta umelipia makumbusho ambayo usingeyakanyaga. Hii nayo ni yale yale? Na hizo tatu zinatofautiana nini?

hesabu_kwanza
Si yale yale, mkuu. Zile za mijini zinakutaka ukimbizane na vivutio ili pesa yako irudi. Hii faida yake kubwa iko kwenye viza: ukiwa nayo hulipi ada ya viza.

Viza ya kuingia mara moja ni dinari 40. Petra siku moja, kwa mgeni anayelala nchini, ni 50. Hapo umeshafika 90 na pasi ndogo ni 70, hata Jerash hujaigusa. Ongeza Jerash 10, Wadi Rum 5, Ngome ya Amman 3, na ule ukumbi wa maonyesho wa Kirumi ulio chini ya ngome, 2. Mtu mzima mmoja kwa ratiba yako analipa 110 mlangoni. Unaokoa 40, na dinari ile si ya mchezo: imefungwa kwa dola tangu 1995, moja ni kama dola 1.41. Zidisha mara mbili kwa ajili ya mama watoto.

70, 75 na 80 zinatofautiana kwa siku za Petra tu: moja, mbili au tatu. Mengine yote ni mamoja.

Mtoto usimnunulie kwa ajili ya viingilio, maana walio chini ya miaka 12 wanaingia bure. Viza yake ni suala jingine, liulizie ubalozini kabla hujafunga bajeti.

kaunta_ya_pili
Hesabu ya hapo juu iko sawa, ila ina masharti, na watu wengi wanaumia kwenye masharti.

Pasi inunuliwe mtandaoni kabla hujaingia nchini, na ulale Yordani angalau usiku 3. Wanahesabu usiku, si siku. Ukitua Ijumaa asubuhi ukaondoka Jumapili jioni, kwako ni siku tatu, kwao ni usiku 2, na ile 40 ya viza utadaiwa wakati wa kutoka. Sasa tazama inavyogeuka: mtu wa usiku 2 anayetaka Petra peke yake analipa 90 bila pasi, na akiwa na pasi analipa 70 + 40, yaani 110. Kapoteza 20 kwa kitu alichonunua ili aokoe. Akipita na vile vivutio vinne vingine alivyovitaja hesabu_kwanza, anatoka sare kabisa, 110 kwa 110. Chini ya hapo ni hasara.

La pili, pasi si viza. Inafuta ada kwa mtu ambaye tayari anaruhusiwa kupewa viza mpakani. Kama pasipoti yako inakutaka uombe kibali kabla ya safari, pasi haikufungulii mlango. Na kwenye Daraja la King Hussein, wanakopita watokao Jerusalem, viza haitolewi hapo hata uwe na pasi tatu.

Uwanjani, onyesha pasi dirishani KABLA ya kutoa pesa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Utatumiwa faili la PDF lenye msimbo wa QR. Lihifadhi kwenye simu na uchape nakala moja, kwa sababu simu hupenda kuzima wakati foleni imekufikia.

mchanga_mwekundu
Shukrani sana wakuu. Usiku 4 upo, kwa hiyo hapo tuko salama. Sasa 70 au 75? Petra siku moja si inatosha?

ngazi_mia_nane
Chukua 75. Siku nzima ya pili kwa dinari 5 za ziada hutaipata kwingine.

Watu wanaidharau Petra kwa sababu ya picha moja. Kutoka lango la wageni mpaka Hazina, ile sura maarufu ya mwamba, ni kama kilomita 2, na zaidi ya kilomita moja kati ya hizo ni ndani ya Siq, ufa mwembamba wenye kuta ndefu pande zote. Hapo ndipo mji unaanza. Mbele kuna makaburi ya kifalme, barabara ya nguzo, kisha kupanda Deir, ile Monasteri ya mlimani, ngazi kama 800 za mawe, baadhi zimelika katikati. Halafu urudi njia ile ile kwa miguu, na mtoto wa miaka 10. Hazina jua huipiga asubuhi, Deir alasiri. Ukizitaka zote mbili kwa siku moja utakuwa umesimama juani tangu asubuhi. Ila siku mbili za pasi zifuatane, usiweke Wadi Rum katikati.

Wenye farasi pale langoni watakwambia kupanda ni bure, kumo ndani ya tiketi. Hilo ni kweli, ila bakshishi ni lazima. Kataeni kwa adabu au kubalianeni kiasi kabla ya kupanda.

kaunta_ya_pili
Nyongeza, visivyomo kwenye pasi: Petra ya usiku, Mlima Nebo, kanisa la Mtakatifu George kule Madaba lenye ramani ya vijiwe, korongo la Mujib, na Al-Maghtas panapoaminika Yesu alibatizwa. Kwa Wadi Rum pasi inalipa kiingilio tu. Gari na kambi ni mfukoni mwako, na hizo ndizo ghali.

Usiogope kununua mapema. Ina mwaka mzima wa kuanza kutumika, na ikishaanza una wiki mbili.

hesabu_kwanza
Na kwa atakayesoma huko mbele bila mpango wa Petra: 40 ya viza na vile vivutio vinne nilivyotaja mwanzo ni 60. Usinunue, labda kama unakwenda pia Ajloun (3), Umm Qais (5) na Karak (2), hapo ndipo inafika 70 kamili.